Kwa Nini Vifaru vya Al-Rawdah Vinaunguza Mota

Mhariri wetu aliniomba makala ya teknolojia, na nadhani alitegemea niandike juu ya umeme wa jua au akili bandia, maana ndiyo habari ya mjini siku hizi. Mimi nimeamua kuandika juu ya vifaru vya kuchezea. Naomba msicheke kwanza. Vifaru hivi vinavyoendeshwa kwa rimoti vimemkatisha mshahara mtu mzima mwenye watoto wanne, mwenzetu wa kutoka Mombasa, miezi minne mfululizo, na swali la kwa nini mota zake zinaungua lilikuwa na thamani ya riyali 495. Kwa hesabu ya kwao hiyo ni karibu shilingi 17,000 za Kenya. Kila mwenye mdogo wake anayesoma sekondari anajua shilingi 17,000 ni kitu gani mwezi wa Januari.

Huyu bwana mimi namwita Ami, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu ndivyo walivyonizoesha watu wa pwani. Ni fundi katika duka moja la michezo ya watoto (na ya watu wazima, kusema kweli, maana wateja wengi wana ndevu) lililoko Al-Rawdah ya Riyadh, upande wa mashariki wa jiji. Mwenye duka ana tawi lingine Jeddah, na kwa bahati nalo liko katika mtaa unaoitwa Al-Rawdah. Rawdah maana yake ni bustani, kwa hiyo msishangae jina kujirudia. Matawi mawili, jina la mtaa moja, bidhaa zile zile kutoka China, na kati yake kilomita 900 na zaidi za jangwa. Mnisikilize vizuri hapo, kwa sababu jibu la kesi yetu lilianzia katika tofauti ya matawi hayo mawili.

Vifaru vyenyewe ni vya kipimo cha moja kwa kumi na sita. Tiger wa Kijerumani ambaye kwa ukweli wake ana urefu wa mita 8.45 ukihesabu na mzinga, anakuwa na sentimita 53 hivi. Ndani kuna betri ya volti 7.2, risiva, na giaboksi mbili, kila moja na mota yake. Mota ya kushoto inavuta mnyororo wa kushoto, ya kulia wa kulia. Usukani hakuna. Kifaru kinakata kona kwa kupunguza mwendo wa upande mmoja, na kikitaka kugeuka papo hapo upande mmoja unakwenda mbele na mwingine unarudi nyuma. Mota zenyewe ni zile ndogo za brashi za kaboni ambazo mafundi huziita 380, kwa sababu kiwiliwili chake kina urefu wa kama milimita 38. Zinaenea kiganjani.

Basi, Ami alinieleza shida yake siku moja baada ya swala ya Ijumaa. "Mwanangu, hizi mota zanitoa roho. Mteja achukua kifaru Alhamisi, Jumapili akirudisha chanuka moshi. Mudir asema mimi nina mkono mzito, nafunga vibaya. Kila mota akata riyali arubaini na tano." Nikamuuliza kama anazo hizo mota. Akacheka. Alikuwa nazo zote kumi na moja ndani ya kopo la maziwa ya unga, kila moja imefungwa kikaratasi chenye tarehe, upande iliotoka, na aina ya kifaru. Nimekaa maabara za uhandisi kwa miaka kadhaa sasa na nawaambia, rekodi nzuri kama ile ya kopo la maziwa ni adimu.

Kabla ya kufungua kopo, turudi darasani kidogo. Mota ya brashi ina tabia moja ambayo ukishaielewa, mambo mengine yote yanafuata. Ikizunguka, inajitengenezea volti yake yenyewe inayopingana na betri. Kadiri inavyokwenda mbio ndivyo upinzani huo unavyokuwa mkubwa, na mkondo wa umeme unaobaki kuingia unakuwa mdogo. Ukiizuia isizunguke, upinzani unatoweka, na betri inamwaga umeme wote kwenye koili. Tuseme ukinzani wa koili ni omu 0.6 (wale mliosoma fizikia kwa Kiingereza, ukinzani ndiyo ile R ya Ohm). Mota ikizunguka bila mzigo inavuta kama nusu ampia. Joto linalozalishwa kwenye waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani wati 0.15. Hata nzi hapashiki moto. Ukiishika isizunguke kabisa, 7.2 gawanya kwa 0.6 unapata ampia 12, na joto ni wati 86. Chukua ile balbu ya zamani ya wati mia, toa kidogo, halafu ifungie ndani ya kidubwasha cha milimita 38 ambacho kimefungiwa ndani ya boksi la plastiki lisilo na dirisha. Hapo huhitaji shahada kujua kitakachotokea.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ampia 3 si mbaya sana, ni wati 5.4. Ampia 6 ni wati 21.6. Mteja haoni tofauti. Yeye anaona kifaru kinageuka polepole kidogo tu.

Halafu kuna ubaya mwingine unaojificha. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ikitoka nyuzi 25 ikafika 105, ukinzani umepanda asilimia 31. Na zile sumaku za kawaida za feraiti zinadhoofika karibu asilimia 0.2 kwa kila nyuzi. Zikipanda nyuzi 60 zimepoteza asilimia 12 ya nguvu. Sumaku ikidhoofika, mota inahitaji mkondo zaidi kufanya kazi ile ile. Ukizidisha mambo hayo mawili pamoja, unakuta mota yenye moto inazalisha joto karibu mara 1.7 ya ile baridi kwa kazi ile ile moja. Joto linazaa joto. Ndiyo maana hizi mota hazifi taratibu. Zinakwenda vizuri dakika kumi na mbili, halafu ndani ya dakika mbili unasikia harufu ya vernishi ya waya, na kwisha habari.

Sasa, maelezo ambayo kila mtu alikuwa nayo mdomoni ni hali ya hewa. Mudir mwenyewe siku nyingine alisema ni joto la Riyadh (ingawa hiyo haikumzuia kukata mshahara). Ni maelezo matamu. Mwezi wa Julai joto la mchana hapa linafika nyuzi 43 au 44 kwa wastani, na hesabu iko wazi: kama hutaki kiwiliwili cha mota kivuke nyuzi 100, basi kwenye chumba cha nyuzi 20 una tofauti ya nyuzi 80 ya kusukuma joto nje, lakini kwenye nyuzi 44 una 56 tu. Maana yake mota inaweza kutoa nje asilimia 70 tu ya joto ambalo ingetoa kwenye ubaridi. Si kitu cha kudharau. Nilikuwa nimekwisha kuanza kukubali, mpaka Ami alipomwaga kopo lake mezani tukapanga vile vikaratasi kwa tarehe.

Mota nne kati ya kumi na moja zilikuwa za Januari. Wasiofika Riyadh hawajui, lakini Januari usiku hapa watu wanavaa makoti na kuwasha hita. Kama mhalifu ni jua, alikuwa likizo. Na Jeddah je? Jeddah nako ni tanuri, tena lenye mvuke. Tarehe 22 Juni 2010 kule walipima nyuzi 52. Ami akampigia fundi mwenzake wa tawi la kule, Mwethiopia mmoja mpole sana, naye akasema katika miezi ile ile minne kaunguza mota mbili tu. Vifaru vile vile, betri zile zile. Mbili kwa kumi na moja. Kilichomsumbua yeye ni kutu.

Tukaangalia pande. Sita za kushoto, tano za kulia. Hilo nalo ni jibu. Kama zingekuwa zote za kushoto ningeshuku giaboksi ya upande ule, au waya, au jinsi anavyoibana mota upande huo. Zikigawana namna hii, tatizo linakaa mahali ambapo pande zote mbili zinalipata sawasawa. Halafu Ami akasoma ile safu ya tatu ya vikaratasi vyake, polepole, huku akinyanyua nyusi: kati ya kumi na moja, tisa zilitoka kwenye vifaru vilivyobadilishwa minyororo. Minyororo ya plastiki ilitolewa, ikawekwa ya chuma, kwa sababu inapendeza, inatoa mlio kama wa kifaru cha kweli, na inaingiza pesa dukani. Tawi la Jeddah linauza kwa nadra, tawi la Riyadh linauza kila siku.

Mtu mvivu angeishia hapo. Lakini kuna watu duniani kote wanaoendesha vifaru vya minyororo ya chuma miaka na miaka na mota zao ni nzima. Na mudir angejibu upesi: basi ni wewe unayeifunga vibaya. Ilibidi tupime.

Namna ya kupima nitaieleza kirefu kidogo kwa sababu inafaa kwa pikipiki ya umeme, kwa pampu ya maji ya kijijini, kwa chochote chenye mota. Unaanza na mota tupu mezani na ampmita kwenye waya wake. Unaandika. Unaongeza giaboksi. Unaandika. Unaongeza gurudumu la meno, halafu minyororo huku kifaru kimeinuliwa juu ya kitabu, halafu unakishusha sakafuni. Kila unapoongeza kitu kimoja, tofauti ya namba ndiyo kodi inayotozwa na kitu hicho. Usiruke hatua. Mafundi wengi huruka moja kwa moja mpaka mwisho, wanaona ampia 6, wanabadilisha mota, wanapata ampia 6 tena.

Kifaru chetu cha majaribio kilikuwa kipya, bado na harufu ya boksi. Mota tupu, nusu ampia. Na giaboksi, 0.7. Na minyororo ya plastiki hewani, 1.0. Minyororo ya chuma, imekazwa vile duka linavyotaka ikazwe, 1.5, na hapo bado kifaru hakijagusa chini. Ami akailegeza pini moja ya kila upande, mnyororo ukalala kidogo juu ya magurudumu kama unavyolala kwenye picha za Tiger wa vitani, namba ikashuka mpaka 1.1. Nikamwuliza kwa nini alikuwa anaikaza hivyo. Akanitazama kama mtoto mdogo. "Mudir ndiye ataka. Asema ikilegea yachomoka mbele ya mteja." Nikaiandika sentensi hiyo kwenye daftari pamoja na tarehe.

Sakafuni, juu ya marumaru, kwenda moja kwa moja: ampia 1.8 kila upande. Kugeuka papo hapo juu ya marumaru: 3.5. Halafu tukatandika zulia.

Hapa ndipo penye siri ya Riyadh. Waliokaa mji huu wanajua, nyumba hata iwe ya namna gani ina majlis, na majlis ina zulia, tena zulia nene lenye manyoya. Mwisho wa wiki watu wanakodi istiraha nje ya mji, na huko nako ni mazulia yaliyotandikwa juu ya nyasi. Mtoto akipewa kifaru Idd, kinatembea juu ya zulia. Jeddah, kwa maelezo ya yule Mwethiopia, wateja wake wengi wanaishi kwenye fleti za vigae, na jioni wanakwenda kuchezea kando ya bahari kwenye njia za mawe laini. Kifaru juu ya zulia kikigeuka papo hapo, sindano ya mita ilivuka 6 kila upande, na meno ya mnyororo wa chuma yalikuwa yameng'ang'ania nyuzi za zulia kama kucha za paka. Tukajaribu tena na minyororo ya plastiki, ambayo ni laini na myepesi kwa kama kilo moja: 4 na kidogo.

Sababu yake ni jiometria tu. Gurudumu la gari linageuka kuelekea kule linakokwenda. Mnyororo haugeuki. Kifaru kikizunguka papo hapo, kila kipande cha mnyororo isipokuwa cha katikati kinalazimishwa kukwangua ardhi kwa ubavu, na vya mwanzo na mwisho vinakwangua zaidi kuliko vyote. Ndiyo maana wahandisi wa vifaru vya kweli wanachunga sana uwiano wa urefu wa mnyororo unaogusa ardhi na upana kati ya mnyororo na mnyororo. Ukikaribia 2 kifaru kinakataa kugeuka. Watoto nao, jamani, wanapenda nini kuliko kuzungusha kifaru papo hapo huku mzinga unalia? Wanakizungusha mpaka betri inakata roho.

Nimtaje hapa Ferdinand Porsche, yule yule wa magari, kwa sababu wasomaji wa fani zingine hudhani shida za mdoli ni za mdoli tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alibuni kifaru kizito cha kushindania kazi ya Tiger. Injini za petroli zilizungusha majenereta, na mota za umeme ndizo zilizovuta minyororo, mpango ule ule wa mota mbili kama wa kifaru cha Ami. Injini zake zilizopozwa kwa hewa zilikuwa zinapata moto kupita kiasi na kuharibika, na mwaka 1942 kazi ikapewa kampuni ya Henschel. Viwiliwili kama 90 vilivyokuwa vimekwisha tengenezwa vikageuzwa kuwa Ferdinand, tani 65 kila kimoja, vikabadilishiwa injini zikawekwa za Maybach za kupozwa kwa maji, na Julai 1943 vikapelekwa Kursk. Mota nyingi za treni za umeme nazo zinapulizwa hewa kwa nguvu, na usidhani ile treni yetu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma inapopanda mlima mahandisi wake hawaangalii joto la mota. Kuisukuma mota ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuitafutia joto lake njia ya kutokea.

Tulibakiza jambo moja, kumwonyesha mwenye duka. Nilidhani hapo ndipo rahisi. Yeye alikuwa na ushahidi wake. Baada ya Corona duka lilibaki na kile kipima joto cha paji la uso, akakielekeza kwenye mota, kikaandika kosa, kwa sababu kile kimetengenezwa kwa ajili ya homa. Nikatoa changu cha kiwandani. Akakinyakua, akakielekeza kwenye mota iliyotoka kuzungushwa zuliani dakika tano, ikasoma nyuzi 47. "Shuf," akasema, tazama, haina joto. Ami akainamisha kichwa.

Vipima joto vya namna hii havipimi joto lenyewe. Vinapima mwanga usioonekana unaotoka kwenye kitu, na chuma kinachong'aa ni bahili sana wa kutoa mwanga huo, kinaakisi tu ule wa ukuta na dari. Kiwiliwili cha mota kinang'aa kama sufuria mpya. Dawa yake ni mkanda mweusi wa fundi umeme. Nikabandika kipande cha ukubwa wa ukucha, nikasubiri kidogo mkanda upate moto, nikamwomba apime mwenyewe. 81. Mota ile ile, mkono wake mwenyewe. Na hiyo 81 ni ya nje, koili ndani inazidi. Akapima pembeni ya mkanda, 46. Juu ya mkanda, 80. Akafanya hivyo mara nne au tano bila kusema neno. Nilimpenda kidogo wakati ule, kwa sababu ni mtu anayetaka kuona.

Halafu Ami mwenyewe, si mimi, akamwonyesha lile daftari: namba za kila hatua, minyororo iliyokazwa kwa agizo la duka, zulia, Januari, Jeddah. Alizungumza kwa Kiarabu cha miaka kumi na minane cha dukani, kizuri kuliko changu cha darasani.

Kuhusu sheria nilikuwa nimesoma kabla, na nawaandikia hapa kwa sababu wengi wetu tuna ndugu wanaofanya kazi huku na hawajui. Sheria ya Kazi ya Saudia ya mwaka 2005, kifungu cha 91, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya kitu kilichoharibika, lakini uharibifu uwe umetokana na kosa la mfanyakazi au kukiuka maagizo, na makato yasizidi mshahara wa siku tano kwa mwezi. Mfanyakazi ana haki ya kupinga. Sheria hiyo haiwahusu wafanyakazi wa majumbani, ambao wana kanuni zao, ila fundi wa duka anaingia. Kwa mshahara wa Ami wa riyali 1,800, siku tano ni riyali 300, kwa hiyo kiwango hakikuzidi. Sharti la kosa ndilo ambalo halikuwepo. Alikuwa anafuata maagizo.

Nilimwambia apeleke madai. Hakutaka. "Mwanangu, wewe una chuo nyuma yako. Mimi nina ikama ya kuhuishwa mwezi wa Rajabu." Tulibishana sana juu ya hilo, na mpaka leo hatukubaliani. Mimi naona karatasi ingemsaidia hata kama asingeitumia. Yeye anaona karatasi ikishaandikwa haifutiki. Yeye ndiye mwenye ikama, basi nikanyamaza.

Makato yalisimama mwezi uliofuata. Ya nyuma, mudir alimrudishia riyali 250 ndani ya bahasha, akasema ni zawadi ya Idd. Ami alizipokea na kushukuru, na tulipotoka nje aliniambia kwamba neno zawadi ndilo lililomuuma kuliko zile 245 zilizobaki.

Kwenye vifaru wenyewe mambo yamebadilika hivi. Minyororo ya chuma inafungwa ikiwa imelegea, na kabla kifaru hakijatoka dukani kinapimwa hewani. Kikizidi ampia 1.2 upande wowote hakitoki. Anayetaka chuma anauziwa pamoja na giaboksi yenye gia za kupunguza mwendo zaidi. Kifaru kinakuwa kizito wa mbio, lakini mota inazunguka upesi na kuvuta kidogo, ndicho tunachotaka. Nguvu ya kugeuka papo hapo imepunguzwa kwenye mpangilio wa rimoti. Bamba dogo la aluminiamu linaunganisha mota na sakafu ya kifaru, na feni ya milimita 30 inatoa hewa nje kupitia matundu ya nyuma, ikiwa na sponji kwenye matundu ya kuingizia, maana bila sponji vumbi la Riyadh litakula brashi kabla joto halijazila. Anayerudisha kifaru kwa usafi, Ami anaanza kwa kukata kwa wembe nyuzi za zulia na nywele za paka zilizojisokota kwenye ekseli. Siku moja alitoa furushi la ukubwa wa zabibu. Ndani ya boksi kuna karatasi ya Kiarabu inayosema: dakika kumi za mchezo, dakika kumi za kupumzika, na juu ya zulia usizungushe papo hapo. Sijui kama kuna mtoto anayesoma.

Tangu hapo mota zilizoungua ni mbili, na zote zina vikaratasi. Juzi Mwethiopia wa Jeddah amepiga simu. Kule hewa ya bahari yenye chumvi inaingia kwenye bushi, mota inakuwa nzito, na vifaru vyake vimeanza kupata moto hata juu ya vigae. Alitaka kujua aagize mota za aina gani. Ami akamwambia aache kwanza mambo ya kuagiza, atoe mota moja, aiweke tupu mezani, na amsomee namba.